Naomba ushauri: sola ya duka la samaki Kigamboni

Wakuu, salamu. Nina duka la samaki Kigamboni, friza tatu, na umeme unakula faida yote. Nataka kufunga sola juu ya bati.

Fundi kanipigia hesabu kwa kalamu nyuma ya risiti: paneli zenyewe hazifiki hata robo ya bei! Kilichobaki ni inveta (ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia friza), betri ya lithiamu, nyaya, fremu na ufundi. Viwanda vya China vinatengeneza zaidi ya asilimia 80 ya paneli za dunia na bei imeporomoka sana tangu 2010, lakini sisi watumiaji wa mwisho nafuu hiyo hatuioni. Inauma.

Kinachonisumbua zaidi ni kibali. Kanuni za 2018 zinaruhusu kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi ya TANESCO. Kuna aliyefanikiwa kwa mfumo mdogo wa dukani? Alianzia ofisi gani, alidaiwa michoro ipi, na mita ya LUKU ilibadilishwa?

Au niachane na betri kabisa, mchana friza zitumie umeme wa jua, usiku zirudi TANESCO? Halafu leseni ya fundi ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) naihakiki vipi? Chumvi ya bahari huku inatafuna boliti, kwa hiyo aliyetumia fremu za alumini pia anisaidie.