Mtangazaji wa "Shemejiii unasikia hiyooo" ashushwe hewani leo hii

Wakuu heshima kwenu. Moderator, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa redio wa wiki iliyopita. Ule ulikuwa malalamiko, hii ni jinai.

Simtaji jina, mnamjua. Yule wa vibao vya zamani usiku, anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Nimetoka kumsikia sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Kaweka Zombie ya The Cranberries. Nikaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Ngoma ya 1994 hiyo! Mwimbaji wao, Dolores O'Riordan, anaanza taratibu kama anajisemea peke yake, na kila mwenye masikio anajua kinachokuja: magita yanafumuka, sauti inampasuka kooni. Nimevuta pumzi. Nimefumba macho. Na pale pale, wakuu, PALE PALE, jamaa kafungua maiki: "Shemejiii, unasikia hiyooo!"

Shemeji gani? Wa nani?

Kumbe kaitoa zawadi kwa wapendanao wote, "kibao cha mahaba toka Marekani". Mahaba! Bendi ya Limerick, Ireland. Na dada aliuandika baada ya mabomu ya IRA, wale wapiganaji waliotaka Ireland ya Kaskazini itoke mikononi mwa Uingereza, kule Warrington, Uingereza, Machi 1993. Yalitegwa kwenye mapipa ya taka, mtaa wa maduka, watu wananunua zawadi maana kesho yake ni Siku ya Akina Mama. Wakafa watoto wawili, mmoja miaka 3, mwingine 12. Ndiyo maana anapiga kelele vile. Kwenye video kapakwa rangi ya dhahabu, yuko mbele ya msalaba, na katikati unaona askari wanapiga doria mitaa ya Belfast, Ireland ya Kaskazini. Nionyesheni shemeji kasimama wapi.

Marekani ningesamehe. Hata mahaba ningemeza. Lakini ile sekunde! Kuongea juu ya ile sekunde ni kumpokonya mtu kijiko kikiwa mdomoni. Kiitikio cha pili akarudia: "Shemejiii". Cha mwisho kikaliwa na tangazo la dawa ya kunguni.

Afukuzwe. Sina hoja nyingine.

Kunguru wa Posta: Pole sana shemeji.

Bi Mkaanga Samaki: Cranberries si ile juisi ya UTI? Shemeji kanywe kidogo upoe.

Mleta mada: Dada, watoto wamekufa, we unaleta juisi?

Bi Mkaanga Samaki: Wamekufa 1993, shem. Mimi nilikuwa chekechea, usinipandishie.

Jirani wa Ukutani: Ndiye wewe? Nina kichanga humu ndani. Nagonga tena.

Raga Damu: Nawasalimu kutoka Nairobi. Kombe la Dunia la raga 2023, Ireland walipoichapa Afrika Kusini 13-8 kule Paris, mashabiki wao waliiimba hiyo uwanja ukatikisika. Na kwao pia wako walionuna, wakisema wimbo wa vifo haufai kushangilia mpira. Sasa huyo wako na shemeji zake ni cha mtoto.

Mleta mada: Asante ndugu! Angalau wale walikiacha kiitikio kikaimbwa!

Ticha Mstaafu: Vijana, Zombie ni moja tu, ya Fela Kuti. Aliwasema wanajeshi wa Nigeria, Februari 1977 wakaja kumchomea nyumba. Huyo dada wenu alichomewa nini?

Kunguru wa Posta: Ticha kaanza.

Ticha Mstaafu: Sijaanza, nimemaliza.

Solo Kali: Huyo huyo mtangazaji juzi kaweka Mbaraka Mwinshehe. Solo linaingia, naye anasoma salamu za fundi bomba. Mbaraka! Gita linalia, yeye anasema "na wote wa Mbagala". Hilo ndilo la kufungulia uzi, siyo makelele ya Wazungu.

Bi Mkaanga Samaki: Kwenye taarabu ndiyo usiseme. Beti ya mwisho, ile ya kumchoma mtu, ndipo anaposoma saa. Nani kamuuliza saa?

Solo Kali: Saa yenyewe anakosea.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Alisema SHEMEJIII juu ya kiitikio.

Raga Damu: Tumesikia.

Ticha Mstaafu: Kosa ni lako. Mtu mzima unasikiliza redio ya nini? Nunua sabufa, weka nyimbo zako kwenye flashi, hakuna wa kukuingilia.

Jirani wa Ukutani: Ticha tafadhali usimshauri hivyo.

Mzee wa Sabufa: Ninayo moja, imetumika kidogo, spika mbili. Iko Tabata, njoo PM.

Solo Kali: Inashika flashi ya GB 64?

Mzee wa Sabufa: Inashika. Rimoti ndiyo imepotea.

Bi Mkaanga Samaki: Bila rimoti punguza bei, mzee wangu.