Ruta ya waifai ambayo asiyeona ataipanga mwenyewe: nichague ipi?

Mwalimu wa Isamilo ameuliza:

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu, sioni tangu utotoni, na ninaishi na mke wangu na watoto wawili kwenye mlima wa Isamilo hapa Mwanza. Kompyuta yangu mpakato ina NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, simu yangu ina TalkBack inayofanya kazi hiyohiyo, na kazi zote za kuandaa masomo nazifanya bila kumsumbua mtu. Jambo moja limenishinda, nalo ni ruta ya nyumbani. Hii niliyo nayo niliinunua kwa kuambiwa kwamba ina kasi, na kasi kweli inayo, lakini nikifungua ukurasa wake wa mipangilio nasikia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina lolote, na sehemu ya kubadilisha nywila sijawahi kuifikia.

Mwezi uliopita bando liliisha ndani ya siku mbili. Aliyenipangia ruta alikuwa kijana wa jirani, naye kwa wema wake aliwapa wenzake nywila, ikaenea mtaa mzima. Simlaumu kijana huyo. Ninachotaka ni kushika mwenyewe ufunguo wa nyumba yangu. Natafuta ruta ya 4G inayotumia laini ya simu, kwa kuwa huku juu ya mawe hakuna kebo inayofika. Je, ninunue ipi, na nitajuaje kabla ya kulipa?

Fundi wa Kirumba amejibu:

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Nauza na kutengeneza vifaa hivi kwa miaka mingi, na kwa uaminifu siwezi kukutajia modeli moja nikakuhakikishia, kwa sababu ruta mbili zenye jina lilelile zinaweza kuwa na toleo tofauti la programu ndani yake, na hivyo ukurasa wa moja ukasomeka na wa nyingine usisomeke. Kwenye boksi huandikwa kasi na idadi ya antena; kama ukurasa unasomeka kwa sauti, hakuna anayeandika. Ndiyo maana ni lazima uijaribu dukani.

Njia ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. NVDA inakuruhusu kutengeneza nakala ya kubeba kwenye flashi, kupitia menyu ya zana. Chukua flashi hiyo na spika za masikio, omba kompyuta yoyote ya dukani yenye Windows, kisha omba ruta iwashwe na kuunganishwa, hata bila laini ndani yake. Andika kwenye kivinjari anwani iliyoko kwenye kibandiko cha chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ukishaingia, bonyeza H usikie kama kuna vichwa vya sehemu za ukurasa, bonyeza B upite kwenye vitufe, kisha Insert na F7 ili upate orodha ya viungo na vitufe vyote. Orodha hiyo ndiyo hakimu. Ukisikia majina yenye maana, endelea. Ukisikia "kitufe" tupu mara kumi, irudishe kwenye boksi, hata muuzaji akikupunguzia bei.

Usiridhike na kuingia tu. Badilisha jina la waifai na nywila, hifadhi, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, zuia kimoja, kisha uwashe ruta upya kutoka kwenye ukurasa huohuo. Nimeona ruta ambayo kurasa zake za ndani zinasomeka vizuri, lakini mlangoni inadai unakili herufi zilizopinda ndani ya picha, na hapo asiyeona anaishia nje. Angalia pia muda: baadhi hukutoa usipobonyeza kitu kwa dakika chache, na anayesikiliza ukurasa mstari kwa mstari anahitaji muda zaidi ya anayeutazama.

Binti wa Nansio amejibu:

Mwalimu, mimi pia sioni, niko Ukerewe. Maneno ya fundi ni ya kweli, ila naongeza upande wa simu. Ruta nyingi siku hizi zina programu yake ya simu, na mara nyingi TalkBack huisoma vizuri kuliko kompyuta inavyosoma ukurasa. Kwangu ndiyo ninayoitumia kila siku. Hata hivyo usinunue ruta kwa kutegemea programu hiyo peke yake, kwa kuwa sasisho moja linaweza kuondoa majina ya vitufe usiku mmoja, na nyingine hazifunguki mpaka ujiandikishe akaunti, tena ukiwa na intaneti, wakati intaneti ndiyo unayotafuta.

Halafu shika ruta mkononi, kaka yangu, usiiangalie kwa masikio tu. Yangu ya kwanza ilikuwa na kitufe kimoja chenye kazi mbili: kukibonyeza kidogo kulikuwa kuunganisha kifaa bila nywila, na kukishikilia sekunde kadhaa kulikuwa kurudisha mipangilio ya kiwandani. Nilikishikilia, nikapoteza kila kitu. Sasa natafuta ruta ambayo kitufe cha kufuta kimefichwa ndani ya tundu la sindano. Adapta nayo nimeifunga utepe wa mpira ili niitambue kwa kugusa, maana kuna adapta za volti 9 na za volti 12 zenye kichwa kinachofanana kabisa, na umeme ukirudi usiku huna wa kukuonyesha.

Taa za mbele hazitusaidii, kwa hiyo hakikisha ukurasa unaonyesha nguvu ya mtandao kwa namba. Tafuta RSRP, kipimo cha nguvu ya mawimbi ya 4G yanayoifikia ruta. Ni namba hasi: hasi 85 ni nzuri, hasi 110 ni dhaifu. Mimi huisikiliza nikiwa nahamisha ruta chumba kwa chumba.

Mwanafunzi wa Nyegezi amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Iko njia nyingine kwa anayependa kuandika amri. OpenWrt ni programu huria inayowekwa kwenye baadhi ya ruta badala ya ile ya kiwandani, na mipangilio yake yote ni maandishi matupu unayoyafikia kwa SSH, yaani njia ya kuingia ndani ya ruta kwa kuandika amri kutoka kwenye kompyuta. Ya waifai imo kwenye faili la /etc/config/wireless. Kwa kisoma skrini hakuna kinachosomeka vizuri zaidi ya hapo. Lakini hakikisha modeli yako, pamoja na toleo lake, imo kwenye orodha yao ya vifaa, kwani kuiweka kwenye kifaa kisichofaa kunaweza kukiua kabisa. Ruta za 4G zinazokubali ni chache kuliko za kebo, kwa hiyo kwako ningeanza na ushauri wa fundi.

Mtandao ukikatika, fungua dirisha la amri uandike ping, amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu, na anwani ya ruta. Ikijibu, rudia kwa 8.8.8.8, anwani ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu na hiyo ya pili ikanyamaza, basi mara nyingi tatizo liko upande wa laini, kwa hiyo anza kuangalia huko kabla ya kugusa ruta.

Mwalimu wa Isamilo amerejea:

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Jumamosi nilishuka mjini na flashi yangu, nikaenda maduka mawili karibu na Barabara ya Kenyatta. Duka la kwanza walisita, wakidhani nitaingiza virusi kwenye kompyuta yao, nami nikaondoka kwa amani. La pili waliniwekea kiti. Ruta ya kwanza ilikuwa na vitufe visivyo na majina, ya pili ilisoma kila kitu isipokuwa orodha ya vifaa, na ya tatu nikabadilisha nywila mwenyewe, muuzaji akiwa amesimama pembeni bila kugusa kitu. Nimeichukua hiyo, ingawa kasi yake ni ndogo kuliko ya zamani.

Nyumbani niliiweka sebuleni kwanza, nyuma ya ukuta unaopakana na jiwe kubwa, ikasoma hasi 109. Nilihamia dirisha la jikoni linalotazama ziwa, ikapanda hadi hasi 92. Sasa nauliza jambo moja kwa Binti wa Nansio: dirisha hilo lina jua kali tangu saa nane mchana. Je, joto litaiharibu, au niitengenezee kivuli cha kitambaa?

Binti wa Nansio amejibu:

Usiifunike kitambaa, Mwalimu, itakosa hewa. Isogeze kando ya dirisha, nyuma ya fremu, kiasi cha shibiri moja, kisha usome namba upya. Ikibaki karibu na hasi 95, iache hapo.