Askari aliyeharibiwa na vita akiua mtu, lawama ni yake peke yake?

Mzee_wa_Hoja
Wadau, kuna kesi mbili za Marekani zimenikaa kichwani, nazileta tuzichambue.

George Porter aliingia jeshini akiwa na miaka 17, akapigana Korea, kwenye mapambano ya Kunu-ri na Chip'yong-ni, akajeruhiwa. Aliporudi, usiku alikuwa akiota ndoto mbaya na kujaribu kupanda kuta za chumba akiwa na kisu mkononi. Mwaka 1986, huko Florida, alimuua aliyekuwa mpenzi wake pamoja na mwanamume aliyekuwa naye. Akahukumiwa kifo, na habari za Korea hazikutajwa, maana wakili wake hakujisumbua kuzitafuta. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba uzembe ule ulimnyima mshtakiwa haki yake kwenye hatua ya adhabu.

Andrew Brannan yeye alipigana Vietnam. Mwaka 1998, Georgia, alisimamishwa barabarani kwa mwendo kasi, akampiga risasi polisi wa miaka 22. Kamera ya gari la polisi ilirekodi yote. Huyu serikali ya Marekani ilikuwa imeshampima na kumwandika mlemavu kwa asilimia 100 kwa sababu ya PTSD, yaani kiwewe cha vita. Wazee wa mahakama walisikia utetezi wa maradhi yake wakaukataa. Tarehe 13 Januari 2015 akadungwa sindano ya kifo.

Msimamo wangu: hatia ibaki palepale, adhabu ipungue, na aliyempeleka vitani awalipe waliodhurika. Serikali haiwezi kukiri kwa maandishi kwamba imemvunja mtu, halafu siku akiua isimame upande wa mashtaka kana kwamba haimjui.

Binti_Pangani
Mkuu, umemsimulia Brannan tangu Vietnam, marehemu umempa umri tu. Naye alikuwa kijana wa watu, yuko kazini. Halafu unawakosea wengine. Askari walio wengi wenye kiwewe hawajamuua mtu. Wanakunywa peke yao, wanakosa usingizi, wanakufa kimyakimya. Ukisema "ni vita vilivyoua", kesho nani atamwajiri mmoja wao, hata kwa ulinzi wa getini?

Mzee_wa_Hoja
Sijasema vita viliua. Nimesema hatia ibaki.

Wakili_Mtaa
Mleta mada, hiyo "hatia ibaki, adhabu ipungue" kwa Tanzania haina pa kuingilia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 13, inamwondolea mtu hatia kama maradhi ya akili yalimfanya asielewe anachofanya, asijue kwamba hakipaswi, au ashindwe kujizuia. Ukikosa kuingia hapo, na kosa likawa kuua kwa kukusudia, kifungu cha 197 ni kunyongwa. Jaji anaweza kukuhurumia mpaka machozi yamtoke, adhabu nyingine hana. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2019, kwenye kesi ya Ally Rajabu, kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Kenya walishatoka huko Desemba 2017 na kesi ya Muruatetu. Jaji wao leo anaweza kusikiliza mtu alipopitia kabla hajataja adhabu. Kwetu kiwewe cha vita ni chote au si chochote.

Acholi_Boy
Mnakwenda mbali hadi Florida, na Dominic Ongwen ni wa hapa Uganda kwetu. LRA, waasi wa Joseph Kony, walimteka akiwa mtoto wa kama miaka tisa, njiani kwenda shule. Alipokua akawa kamanda, na watu wa kambi za wakimbizi wa ndani za Odek, Lukodi, Abok na Pajule wanajua alichofanya. Mawakili wake kule ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walisema ni mgonjwa wa akili, majaji wakakataa: makosa 61, Februari 2021. Ila kwenye adhabu utoto wake ulihesabiwa, wakampa miaka 25 badala ya maisha. Kwa hiyo Mzee, wazo lako limeshatumika. Waulize walionusurika kama miaka 25 inawatosha. Wengine walitaka afie gerezani. Mimi mwenyewe nikimfikiria yule mtoto wa njiani namwonea huruma, nikiifikiria kambi ya Lukodi inaniisha.

Mama_Kambi
Mnabishana kama kila kitu huanzia mahakamani. Mume wangu ni mmoja wa waliopelekwa Somalia. Mlango ukibamizwa anashika chochote kilicho karibu. Watoto tumewafundisha wasimguse akilala, wamwite kutoka mlangoni. Siku aliponiumiza sikwenda polisi. Akifukuzwa, ada nitalipa na nini? Sasa hiyo fidia yako, mleta mada, inakuja nikishakufa?

Mzee_wa_Hoja
Mama, pole sana. Hapana, isingoje maiti. Pale Buffalo, New York, Jaji Robert Russell alianzisha mwaka 2008 mahakama ya askari wa zamani: mshtakiwa anapelekwa kwenye tiba, anapewa askari mwenzake wa zamani wa kumfuatilia, akikaidi kesi inaendelea kama kawaida. Lakini hata hiyo humpata mtu akiwa ameshashtakiwa. Ninachotaka ni mke aweze kutoa taarifa kwa daktari asiye chini ya kamanda wa mumewe, na mshahara usiguswe muda wote wa matibabu.

Binti_Pangani
Hapo tupo pamoja, ila umesahau usiku wa siku hiyohiyo ya taarifa. Mama na watoto walale wapi? Kila mara wanaofungasha mizigo ni waliopigwa. Aondoke yeye. Jeshi lina kambi, kitanda kimoja halikosi.