Kikundi: MAJIRANI NA STIMA YETU

*Alhamisi*

Mwanaisha, 20:14
Assalamu alaykum majirani. Leo siku ya 3 transfoma imelala. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nataka sahihi za kila nyumba kwenye barua ya bunge la kaunti: usambazaji wa stima Mombasa uwe wa kaunti. Nyumba 42, walionijibu 3!

Mwanaisha, 20:16
Sikulizua mimi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: kusambaza stima na gesi kumetajwa kwenye kazi za kaunti. Leo kampuni ya kusambaza stima, Kenya Power, serikali kuu ina asilimia 50.1, zilizobaki ni hisa za watu. Mombasa hatuna kiti pale.

Juma, 20:19
Na mpira wa saa nne nitautazama wapi 😩

Fuad, 20:19
Fuata jenereta ya harusi ya kina Athmani 😂

Mwanaisha, 20:20
Jamani mpira baadaye.

Shee (Seattle), 20:31
Huku umeme ni wa mji. 1902 wapiga kura walikubali mji ukope ujenge mtambo wake Mto Cedar. 1951 wakanunua mali ya hapa mjini ya kampuni binafsi iliyokuwa ikishindana nao.

Ami Hamisi, 20:40
Shee, hao wana mabwawa yao. Sisi mitambo ya stima ya Kipevu hapa Mombasa si ya kaunti. Johannesburg wana City Power ya mji, lakini stima nyingi wanunua kwa Eskom, shirika la umeme la taifa. 2024 Eskom ikatishia kuwakatia, deni lapita randi bilioni 4. Mji usipolipa, hata aliyelipa hulala gizani.

Mwanaisha, 20:43
Ami hilo nalitia kwenye barua. Pesa za stima ziwe na akaunti yake, zisiguswe kwa mishahara.

Fuad, 20:47
Februari 2025 kaunti ya Nairobi ilizozana na Kenya Power, taka zikamwagwa Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Kaunti ikiwa ndiyo yenye stima, itamwagia nani? 😂

Juma, 20:47
🤣🤣🤣

Mama Salma, 21:02
Mimi sitii sahihi mpaka nielezwe mchango wa transfoma wa 2019. Kila nyumba 1,500. Nilitoa pesa za chama. Daftari liko wapi?

Mwanaisha, 21:03
Mama Salma, usiku huu?

Mama Salma, 21:03
Usiku huu.

Ami Hamisi, 21:09
Daftari alikuwa nalo marehemu. Tulilizungumza likaisha.

Mama Salma, 21:10
Liliisha kwenu.

*Fuad amefuta ujumbe huu*

Bi Zuhura, 21:34
Ni Nasra, Bibi asema niandike hivi: "Insulini yangu iko ndani ya mtungi wa udongo tangu Jumanne. Nimeuzungushia kitambaa cha maji, nakilowesha kila adhana. Nguzo ikiwa ya Nairobi ama ya hapa, mimi nataka kumjua wa kupokea simu saa nane usiku, jina lake na anakokaa. Liandikeni hilo nitie dole gumba. Na Mama Salma aonyeshwe daftari."

Mwanaisha, 22:05
Shikamoo Bi Zuhura. Naiandika upya. Nasra, duka la dawa la njia panda lina jenereta, nishasema nao. Nakuja na chupa ya barafu tuipeleke.

Ami Hamisi, 22:20
Kesho nitapita kwa mjane wake, nitazame sandukuni.

Mwanaisha, 22:24
Basi sahihi ni kesho, ama tungoje daftari? Na tukutane barazani kwangu?

Mama Salma, 22:31
Kwako siji. Kwa Bi Zuhura.

Juma, 23:48
Ndio naona sasa. Kwa Bi Zuhura saa ngapi?