Pengo la nishati la poliasetilini linatoweka kwenye ukokotoaji

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Ninakokotoa muundo wa elektroni wa mnyororo usio na mwisho wa poliasetilini ya trans (polima ya kaboni na hidrojeni) kwa nadharia ya msongamano wa elektroni, nikitumia fankshonali ya PBE, yaani mojawapo ya fomula za kukadiria nishati kutokana na msongamano huo. Programu ikishatafuta umbo lenye nishati ndogo kabisa, bondi zote za kaboni huwa na urefu uleule na pengo la nishati, yaani nafasi kati ya viwango vya nishati vilivyojaa elektroni na vilivyo tupu, hutoweka, kana kwamba polima hii ni metali, ilhali vipimo vya maabara vinaonyesha kuwa ni semikondakta inayoanza kufyonza mwanga karibu na eV 1.5. Je, tatizo ni maandalizi yangu au ni PBE yenyewe?

Jibu la kwanza

Yote mawili yanawezekana, lakini anza na lililo rahisi kukagua. Ikiwa umbo la kuanzia lina bondi zilizo sawa, ulinganifu huo huifanya nguvu ya kuzitofautisha iwe sifuri, na programu hutulia hapo hata kama lipo umbo jingine lenye nishati ndogo zaidi. Anza na angstromu 1.36 na 1.44, uzime ulinganifu, kisha uhakikishe kwamba nukta za k (thamani za namba ya wimbi ambapo elektroni hukokotolewa) ni nyingi na zinafika ukingoni mwa eneo la Brillouin, yaani eneo la thamani hizo zote, kwani kwa seli ya C2H2, kipande kinachojirudia kwenye mnyororo, pengo hufunguka pale pale ukingoni.

Jibu la pili

Naafiki, ila hata baada ya hayo PBE itakupa tofauti ndogo mno. Ndani yake kila elektroni hubaki ikijisukuma yenyewe kwa kiasi fulani, hivyo hutawanyika kupita kiasi na bondi hukaribia kulingana. Hartree–Fock, njia inayokokotoa mabadilishano ya elektroni kikamilifu, huenda upande wa pili na kulipanua pengo mno. B3LYP, yenye asilimia 20 ya mabadilishano hayo halisi, hukaa katikati, lakini minyororo ikirefuka nayo hutawanya elektroni; kwa hiyo mimi hupendelea fankshonali zinazotenganisha masafa mafupi na marefu, kama CAM-B3LYP au ωB97X-D.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Nimeanza na bondi zisizo sawa na pengo limejitokeza, ingawa ni dogo kama mlivyosema. Nikihamia CAM-B3LYP, je, tofauti ya nishati za obitali niilinganishe moja kwa moja na eV 1.5?

Jibu la pili

Hapana. Thamani hiyo ni ya mwanga: elektroni na tundu lake (nafasi tupu iliyoiacha) hubaki zimeshikamana kama eksitoni, kwa hiyo ni ndogo kuliko nishati ya kuzitenganisha kabisa, ambayo ndiyo tofauti ya obitali hujaribu kuikadiria. Tena katika utando halisi minyororo jirani hupunguza mvutano kati ya chaji, jambo ambalo mnyororo wako ulio peke yake haulijui. Kokotoa msisimko wenyewe, kwa nadharia ya msongamano inayofuata wakati (TDDFT), kwenye oligoma, yaani minyororo mifupi, zinazozidi kurefuka. Usivute mstari ulionyooka dhidi ya 1/N (N ni idadi ya vipande vya mnyororo) hadi 1/N iwe sifuri, kwa sababu nishati ya ufyonzaji hufikia kikomo kadiri mnyororo unavyorefuka, na mstari huo utakushusha chini ya thamani ya kweli.