Mama aliacha insulini baada ya kuombewa, akafariki. Je, Mungu hakumsamehe yeye, au mimi ndiye sitasamehewa?

binti_wa_ziwani

Shalom wapendwa. Naandika hapa kwa sababu kwenye familia hakuna tena mtu wa kumuuliza hili swali bila watu kuanza kulia au kugombana.

Mama alikuwa na kisukari miaka 14, miaka minne ya mwisho akawa mtu wa kuchomwa insulini asubuhi na jioni na mimi ndiye niliyekuwa namchoma kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni tena zile alama ndogo za kwenye bomba. Mwezi wa tano kulikuwa na mkutano wa maombi wa siku tano, tukaenda wote, siku ya mwisho mtumishi akawaita mbele wenye magonjwa sugu, akawaombea, akasema aliyepokea uponyaji asirudi tena Misri, na Misri alimaanisha dawa. Mama alirudi nyumbani anaimba. Kesho yake asubuhi nimeshika sindano akanishika mkono akasema mwanangu, ukinichoma leo unaniambia Mungu ni mwongo. Nikaiweka chini. Sikubishana. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kwamba sikubishana hata kidogo.

Siku mbili za kwanza alikuwa mzima kabisa, hata alifua. Siku ya nne akaanza kunywa maji ndoo nzima haimtoshi, usiku kucha anaenda chooni, siku ya sita anatapika na anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia, nikaita bajaji tukaenda hospitali. Aliishi siku moja na nusu wodini.

Sasa msibani ndo nikasikia mambo. Kina mama wa maombi wakasema mkono wa Bwana si mfupi, kama hakupona basi kuna dhambi aliificha hakuitubu. Wengine wananishika bega wananiambia kazi ya Mungu haina makosa, Mungu alishapanga siku yake. Mimi nikabaki najiuliza, kama kazi ya Mungu haina makosa basi hayo makosa ni ya nani, si yangu niliyeweka sindano chini? Na kama Mungu alipanga mbona tuliomba? Na kama mama alikuwa na dhambi, mama yangu ambaye alikuwa anaamka saa tisa usiku kuombea watoto wa watu, sisi wengine tutasamehewa vipi?

Naomba mnijibu kwa upole.

muuguzi_wa_zamu

Pole sana dada yangu. Mimi ni muuguzi, nafanya kliniki ya kisukari, na nimeokoka, nasema hivyo ili usidhani anayekujibu ni mtu asiyeamini maombi.

Naanza na mwili kwanza maana nadhani hakuna aliyekueleza. Mtu aliyefika hatua ya kuhitaji insulini akiiacha, sukari inapanda kwenye damu lakini haiingii kwenye seli ikatumika, mwili unaona kama una njaa, unaanza kuchoma mafuta, asidi inajaa, maji yanaisha. Ile kiu, kukojoa, kutapika na kupumua kwa nguvu ulivyovieleza ndo dalili zenyewe tunazoziona kila mara, kwa muumini na asiye muumini, kwa mtakatifu na mlevi. Mwili wa mama haukuwa unatoa siri ya dhambi yoyote. Ulikuwa unakosa insulini.

Na zile siku mbili alizokuwa mzima hadi akafua, hizo huwa zinawadanganya wengi, hata mtu msomi. Usijihukumu kwa jambo ambalo leo unalijua na siku ile ulikuwa hulijui.

Kabla ya mwaka 1922 hii dawa haikuwepo duniani, ni kule Toronto, Kanada, ndo alichomwa mgonjwa wa kwanza, mtoto wa kiume wa miaka 14, na kabla ya hapo watoto wenye kisukari walikuwa wanafungwa njaa ili waongeze miezi tu halafu wanakufa. Mimi nikiishika ile chupa asubuhi namshukuru Mungu kabisa, sioni Misri hapo.

Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba atapona na ataongezewa miaka 15, halafu Isaya huyohuyo aliyeleta ahadi akaagiza waletewe mkate wa tini wauweke kwenye jipu. 2 Wafalme 20. Ahadi ilikuwepo na dawa ikabandikwa, hakuna aliyeona shida.

Upendo_na_Moto

Bwana asifiwe. Pole dada, kwa kweli nimesoma nikashindwa kuendelea na kazi.

Mimi ni mtu wa kanisa la kiroho na nitasema kitu ambacho labda wengine humu hawatakipenda, naogopa sana hii mada isije ikaishia kusema maombi ya uponyaji ni uongo. Mungu anaponya. Mimi mwenyewe niliombewa na nikapona na vipimo ninavyo. Na Yakobo 5 ameandika mtu wa kwenu akiwa hawezi awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, hatuwezi kuufuta huo mstari kwa sababu mtu mmoja ameutumia vibaya.

Lakini kwetu mchungaji ana sheria moja na anaisema madhabahuni kila ibada ya maombezi: ukiona umepona nenda ukapime, na atakayekwambia acha dawa ni daktari. Na anatoa andiko, wale wenye ukoma kumi kwenye Luka 17 Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, maana kwenye torati kuhani ndo alikuwa anakagua ngozi na kutangaza mtu ametakasika. Yaani Yesu mwenyewe hakuogopa uponyaji wake ukapimwe. Sasa mtumishi anayeogopa mashine ya kupimia sukari anaogopa nini?

Ila hilo la dhambi iliyofichwa, Yakobo hapohapo anaweka maombi na msamaha pamoja, kwa hiyo sijui niseme haina uhusiano kabisa. Waliobobea wanisaidie.

Mzee_wa_Kengele

Mwanangu, pole. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, nimezika watu wengi na nimesimama kwenye misiba mingi nikiwa sina la kusema, na nimejifunza kwamba afadhali ile ya kukosa la kusema.

Kijana hapo juu ameuliza vizuri. Fungua Yakobo 5:15 usome polepole. Inasema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa, na Bwana atamwinua, halafu inakuja "hata ikiwa amefanya dhambi, atasamehewa". Hata ikiwa. Hilo neno dogo ndilo wale kina mama walilirukia. Yakobo hakusema mgonjwa ni mwenye dhambi, amesema hata kama ana dhambi, hiyo nayo haitamzuia, itasamehewa. Na imani inayotajwa pale ni ya nani? Ni ya wale wazee wanaoomba. Mgonjwa kazi yake ni kuwaita tu. Kwa hiyo mtu akiombewa asipone, halafu walioombea wakageuka kumhoji marehemu imani yake, wameusoma mstari kichwa chini miguu juu. Hata yule aliyepooza aliyeshushwa darini, Marko 2, Yesu aliiona imani yao, wale wanne waliombeba.

Halafu hii habari ya ugonjwa ni dhambi ni ya zamani sana. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake, akawajibu si huyu wala wazazi wake, Yohana 9. Waliouawa na mnara wa Siloamu, watu 18, Luka 13, akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Na rafiki zake Ayubu, wale walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, hapo walifanya vizuri kabisa, shida ilianza walipofungua mdomo na kumtafutia dhambi. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu inawaka juu yako na rafiki zako wawili, hamkunena yaliyo sawa. Wale waliokuwa wanamtetea Mungu ndio Mungu aliwakasirikia. Nenda kasome Ayubu 42.

Tuangalie na mitume. Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, haukuondolewa, akaambiwa neema yangu yakutosha. Trofimo, mwenzake wa safari, Paulo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Timotheo naye, Paulo alimwambia atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Nani kati ya hao watatu tutasema hakusamehewa? Msamaha ulikwisha kulipiwa msalabani, haupimwi kwa damu ya kidole.

Sasa hilo la kazi ya Mungu haina makosa. Mwanangu, huo ni msemo wa misibani, sijauona kwenye Biblia. Waliosema walitaka kukufariji, wasamehe. Lakini mimi siamini kwamba kila kitu kinachotokea Mungu amekiagiza. Naamini hakuna kinachotokea kikamshinda, hayo ni mambo mawili tofauti. Ndugu zake Yusufu walimuuza kwa ubaya wao, Yusufu hakusema hamkufanya kosa, alisema ninyi mlikusudia mabaya, Mungu akakusudia mema. Ubaya ulibaki ubaya. Yule aliyesimama mbele ya watu akaita dawa Misri alikosea, na atajibu mbele za Mungu kama mimi nitakavyojibu kwa niliyohubiri. Usimtwike Mungu kosa la mtu ili tu ionekane Mungu anatawala. Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro alikuwa anajua anakwenda kumfufua na bado alilia. Kama kila kifo ni mpango mzuri usio na kosa, alilia nini?

Na wewe. Umesema hukubishana. Petro alikana mara tatu amesimama kwenye moto wa makaa, na baada ya kufufuka Yesu akawasha moto wa makaa ufukweni, akamlisha kwanza, samaki na mkate, ndipo akamuuliza mara tatu wanipenda. Hakumuuliza kwa nini ulinikana. Halafu akampa kazi.

foleni_ya_Samunge

Mimi si mjuzi wa Biblia kama mzee, nina kisa tu.

Mwaka 2011 wakati wa kikombe cha Babu kule Loliondo, nilimpeleka baba mwenye sukari na presha. Wasiokumbuka, Mchungaji Ambilikile Mwasapila, mstaafu wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, alikuwa anatoa dawa ya mti wa mugariga pale kijijini Samunge, kikombe shilingi 500, unakunywa mara moja tu, alisema ameoneshwa na Mungu ndotoni. Watu walitoka nchi nzima hadi Kenya. Tulipitia Mto wa Mbu, vumbi, gari zimepangana kilomita na kilomita, tukalala njiani usiku tatu, na kuna wagonjwa walifariki palepale kwenye foleni kabla hawajafika, niliona mmoja wanamfunika shuka nyuma ya pikapu.

Baba alikunywa. Kurudi, daktari wake alimwambia sitakukataza kuamini ila dozi usiache, serikali nayo ilikuwa inatangaza hivyohivyo, baba akaendelea na vidonge vyake na sukari ilibaki palepale miaka yote hadi alipofariki. Kwa hiyo ukiniuliza kama alipona nitasema hapana.

Lakini kwenye lile gari alikuwepo na baba mkubwa, walikuwa hawajasemeshana miaka tisa kwa sababu ya kiwanja, na shangazi ndo aliwalazimisha kupanda gari moja. Usiku wa pili baridi imekolea, baba mkubwa akavua koti akamfunika mdogo wake. Hakuna aliyesema samahani. Asubuhi wakanywa chai kwenye kikombe kimoja maana tulikuwa navyo viwili tu. Mpaka leo sijui niliite nini, mimi huwa namshukuru Mungu kwa hiyo safari ingawa sukari haikushuka hata kidogo.

Dada, mama yako alikufa akiamini anamheshimu Mungu. Sidhani kama huko alikofika amepokelewa kwa kukaripiwa.

binti_wa_ziwani

Nimesoma zote mara mbili, ya mzee nimemsomea na mdogo wangu kwa simu, alikuwa hajanipigia tangu arobaini. Tulilia wote lakini hatukugombana. Asanteni. Ile ya "hata ikiwa" nimeipigia mstari kwenye Biblia ya mama, ana alama zake nyingi mle ila huo mstari alikuwa hajauwekea.

Bado inaniuma. Siwezi kusema nimepona. Jana usiku nimeomba kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikasema tu Bwana niliweka sindano chini, basi, sikuongeza neno.

Muuguzi nina swali. Mama mdogo naye ana kisukari, alikuwepo kwenye ule mkutano, na nimesikia wiki hii ameanza kuruka vidonge. Mimi hapa nina mashine ya mama ya kupimia, ina vile vijiti vya kupimia 11, na chupa mbili za insulini kwenye friji hazijafunguliwa. Naweza kumpelekea vyote?

muuguzi_wa_zamu

Mashine mpelekee. Vijiti angalia tarehe kwenye kopo na kama kopo lilikuwa linafungwa vizuri, lakini vile visindano vya kutobolea kidole na kile kikalamu chake usimpe, anunue vyake, damu haichangiwi. Insulini usimpe kabisa, kila mtu ana dozi yake na yeye bado yuko kwenye vidonge, zipeleke kliniki alipokuwa anatibiwa mama, wao watajua.

Na usisubiri Jumapili, nenda leo. Mpime mbele yako, namba itakayotoka mwandikie kwenye karatasi, asubuhi muende wote kliniki kabla hajanywa chai, na hiyo karatasi mwende nayo. Akikwambia ukimpima unamwambia Mungu ni mwongo, mwambie wale kumi pia walitumwa wakakaguliwe.

Ukitoka huko niandikie inasoma ngapi.