Mashairi ya Makavalia wa Uingereza: nitumie bahari gani kuyafasiri?

tungo_huru
Wadau, habari za jioni. Ninafasiri mashairi mafupi ya Makavalia, yaani washairi waliokuwa upande wa mfalme Charles I: Herrick, Carew, Suckling na Lovelace. Kila nikiyatia kwenye mizani 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho, yanatoka mazito na yamejaa maneno ya kujazia, ilhali asili yake ni nyepesi kama mazungumzo. Ninakosea wapi? Na wanatofautianaje na kundi la mshairi mwenzao wa Kiingereza, John Donne?

ukwapi_na_utao
Kinachokuumiza ni kina cha kati. Chukua ubeti wa kwanza wa shairi la Herrick kwa wasichana, uliochapishwa 1648, ambao kwa maana tupu unasema: chumeni matumba ya waridi mngali mnaweza, wakati unazidi kuruka, na ua hili linalocheka leo kesho litakuwa linakufa. Mizani zake ni 8, 7, 8, 7, karibu sawa na mishororo yetu miwili. Tatizo ni kwamba mstari wa Kiingereza wa mizani 8 hubeba maneno sita, wetu hubeba matatu, kwa hiyo lazima kitu kiachwe. Ukidai na kina cha kati, utaacha hadi ua lenyewe. Jaribu hivi:

*Chumeni matumba hayo, wakati wazidi ruka,*
*Ua lichekalo leo, ndilo kesho lanyauka.*

Nimeacha "mngali mnaweza" na neno waridi. Waridi lihamishie kwenye kichwa cha shairi. Lakini tumba usilibadilishe kuwa ua mapema. Hoja nzima ya Herrick ni safari ya kutoka tumba hadi kunyauka, na ukianza na ua lililochanua umemnyang'anya nusu ya safari.

Jambo jingine ni mkazo. Kwake mistari ya kwanza na ya tatu huishia kwa silabi yenye mkazo, ya pili na ya nne huishia kwa "flying" na "dying", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili huweka mkazo hapo karibu kila mara, hivyo mbadilishano huo hatuna. Ukiacha ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) wazi na kufunga kwa kina utao (kipande cha pili) peke yake, unapata kitu kinachokaribiana nao: mlango wazi, mlango umefungwa.

mlezi_wa_vina
Mkuu, "hayo" na "leo" kwenye ukwapi mmoja, kwa arudhi yetu, yaani kanuni za utunzi, hilo ni guni, shairi lenye kasoro ya vina. Kama hutaki kina cha kati, si afadhali utenzi? Mizani 8 kila mshororo, vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, cha nne kina kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti.

ukwapi_na_utao
Kwa Herrick utenzi utakubana, kwa sababu vina vyake vinapishana na wewe utalazimika kutafuta vitatu vinavyofuatana. Ila kwa Lovelace umegusa penyewe. Shairi lake la gerezani, linalohusishwa na kifungo chake cha 1642 kule Westminster, lina beti nne za mistari minane, mizani 8 na 6 kwa kupishana, na kila ubeti unaishia kwa neno uhuru. Basi kina chako cha bahari kiwe *-ru*. Angalia tu: beti tatu za kwanza zinasema samaki, upepo na wengineo *hawaujui* uhuru kama huu, ubeti wa nne unasema malaika pekee *wanao*. Ukiufanya kibwagizo kisichobadilika, umeua shairi palepale linapofika kileleni.

Na kubali mishata, yaani mishororo ambayo maana yake haikamiliki hadi inayofuata. Ubeti wa kwanza wa shairi lake la kuaga akienda vitani ni sentensi moja iliyopita mistari minne. Ukifanya kila mshororo uwe kifu, wenye kujitosheleza, muungwana anayemwomba mpenzi radhi kwa pumzi moja anageuka mtu anayesoma orodha.

bikari
Kuhusu Donne: yeye hukupa taswira ngumu na kukushikilia humo. Mfano maarufu ni wapenzi wawili kama miguu ya bikari, mmoja umesimama, mwingine unazunguka, na anaifuata hadi duara lifungike. Makavalia walijifunza zaidi kwa mshairi Ben Jonson na kwa washairi wa Kilatini kama Horatius na Catullus: sentensi nyoofu, taswira inayoeleweka mara moja, ubeti uliosuguliwa hadi jasho lisionekane. Carew ni daraja baina ya pande mbili. Alimlilia Donne kwa mbolezi, shairi la maombolezo, iliyochapishwa 1633, lakini mwenyewe aliandika kwa ulaini wa mtu aliyehudumu kwenye meza ya mfalme. Herrick usimwite wa ikulu moja kwa moja. Alikuwa kasisi Dean Prior, Devon, hadi alipoondolewa 1647.

Mashairi yao mengi yalitiwa muziki, na mtunzi wa muziki Henry Lawes alitungia ya Carew kwa wingi. Kwa hiyo soma tafsiri yako kwa sauti. Msamiati wa kikale uuepuke. Suckling anapomuuliza kijana aliyekonda kwa mapenzi mbona amepauka hivyo, neno lake la kuanzia mstari wa pili, "Prithee", ni la barazani. Weka "hebu", usiweke "nakusihi". Beti mbili anauliza, ya tatu anakata: acha, na mwanamke huyo shetani amchukue! Ukishapaka maneno ya heshima kwenye zile mbili za mwanzo, mkato huo hauna pa kuangukia.